Viwiko Mbali na Mbavu

Wiki iliyopita nilipigiwa simu asubuhi, chai ikiwa bado haijachemka, nikaambiwa kwamba dereva wa pikipiki wa Nangurukuru, yule wa redio, hatunaye tena. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Swali la kwanza nililouliza, nakiri kwa aibu, lilikuwa amegongwa wapi. Aliyenipigia akanijibu kwa ukali kidogo kwamba hakugongwa popote, amefia kitandani mwake, presha, akiwa ametoka kuswali alfajiri. Baadaye nilikuja kusikia kwamba kila aliyepigiwa siku ile aliuliza hivyohivyo, mpaka mjane wake akachoka, akawaagiza wapigaji waanze kutaja kitanda ndipo wataje kifo. Miaka yote ile juu ya magurudumu mawili, kwenye barabara ile, akili yake yote ikiwa kwenye muziki, halafu mtu anaondoka kwa utulivu namna hiyo. Angekuwepo angecheka sana, kisha angeuliza kama godoro alilofia lilikuwa zima. Habari za godoro nitazifikia.

Hakuwa ndugu yangu, na sitaki kujitukuza kwa kusema alikuwa rafiki yangu. Alikuwa dereva wangu. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii wanamjua shangazi yangu wa Njinjo, kwa kuwa nimemlalamikia humu zaidi ya mara moja. Kila msimu wa ufuta huniita nikamsimamie mavuno, nami hutoka Lindi mjini na begi langu na heshima zangu, nikashuka Nangurukuru kwenye lami, nikatafuta usafiri wa kuingia ndani. Barabara ya kutoka pale kwenda Njinjo, hasa miaka ile, ilikuwa na vijituta vya mfululizo, kimoja hakijaisha kingine kimeanza, na mtu aliyekuwa na meno ya bandia alishauriwa ayatie mfukoni. Ndipo nilipomkuta, kijana mrefu mwenye shati lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni, ameegemea pikipiki yake mbele ya mama mmoja muuza supu. Akanisalimia, "Shikamoo mzee." Nikamjibu marahaba, ingawa wakati ule sikuwa mzee, na nikamwambia hivyo. "Basi samahani kaka," akasema, "panda twende. Ila nina sharti moja. Redio usiiguse."

Nilikuwa sijaiona bado hiyo redio. Ilikuwa moja ya zile redio za sidii, visahani vya muziki vinavyozunguka, za kutembea nazo, za mviringo, nyembamba, ambazo watu wa mijini walikuwa wanazivaa kiunoni kabla simu hazijajifunza kuimba. Yeye aliipata kwenye mitumba, akaiunganishia waya mrefu na spika mbili ndogo chini ya usukani. Redio yenyewe ilining'inia katikati ya usukani kwa vipande vinne vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kila upande kipande kimoja, ili mtikisiko ukija uishie kwenye mpira. Ndivyo alivyonieleza, na kwa maneno ilikuwa hoja nzuri. Tulipoondoka kwenye lami ikaanza taarabu, moja ya zile ndefu za zamani ambazo mwimbaji huchukua muda wake kabla ya kufungua kinywa. Hatukufika mbali. Mwimbaji alikuwa hajamaliza kumtaja mbaya wake, tukakanyaga vijituta vya kwanza, na fidla ikarudi mwanzo, ikaruka mbele, ikanyamaza, ikarudi tena. Redio ikaanza kubembea, ikampiga kidevuni. Akapiga breki, akaizima redio, akaiwasha, tukaenda. Nilihesabu mara kumi na nne, kisha nikaacha kuhesabu kwa sababu nilikuwa ninahesabu kwa hasira.

Tulipofika Njinjo nilimwambia waziwazi kwamba pikipiki si mahali pa muziki, na kama hawezi kuishi bila kelele basi aimbe mwenyewe. Hakukasirika. Shangazi alikuwa ametupa maji ya kunywa, naye akayanywa yote, akafuta kidevu alichopigwa, akaniambia jambo ambalo lilinifanya niaibike na ukali wangu. Alikuwa ameposa. Mwanamke mwenyewe alikuwa fundi cherehani wa palepale Njinjo, ambaye kila wiki alikwenda Nangurukuru kununua nyuzi, bitana na vifungo, akirudi kwa pikipiki yake. Safari moja, wakirudi, kijana akajikaza akamwomba ndoa huku akitazama mbele, maneno yakipelekwa na upepo, naye mwanamke akayasikia yote. Huyo fundi alikuwa ameshaposwa mara mbili. Wa kwanza alijenga nyumba mpaka kwenye madirisha, akaenda Dar es Salaam kutafuta bati, hakurudi. Wa pili alileta barua, ikapokewa, ikajibiwa, na hapo ndipo habari zake zilipoishia. Kwa hiyo, redio ilipokuwa inarukaruka mbele yao, alijibu hivi: "Mimi nimechoka na vinavyoanza vikaishia njiani. Siku wimbo wako huo ukianza na ukaisha, tukiwa tunakwenda, hatujasimama, nitakupa jibu."

"Sasa kaka," akaniuliza, na macho yake hayakuwa na mzaha hata kidogo, "wewe umesoma. Nifanyeje isiruke?"

Mimi nimesoma, lakini si hayo. Nilimshauri aendeshe polepole. Alinitii, na kwa ushauri wangu huo nikaadhibiwa mwenyewe siku ya kurudi, kwa maana tulikwenda kwa mwendo wa maiti mpaka mzee mmoja mwenye baiskeli na magunia mawili ya mkaa akatupita, akatupa salamu, akatuuliza kama tumeharibikiwa. Wimbo uliruka vilevile. Alinieleza kwamba redio ina kitufe cha kuzuia kuruka, na kwamba kikibonyezwa hujiwekea akiba ya sekunde chache za wimbo, ili ikitikisika iendelee kuimba kwa ile akiba. Tatizo ni kwamba barabara ya Njinjo haikumpa mtu sekunde za kujaza akiba nyingine. Alijaribu kupunguza upepo wa matairi, akapata pancha mbili kwa safari moja. Alijaribu kuizika redio ndani ya ndoo ya ufuta, akiamini ufuta utamfanyia kazi ya mchanga ya kumeza mtikisiko bila ubaya wa mchanga, na kwa siku tatu baada ya hapo kila alipofungua kifuniko sidii ilikuwa inatema punje. Alikata kipande cha godoro lake, akatengeneza kitanda cha redio juu ya tangi la mafuta. Kikasaidia kidogo, naye akakata kingine, kisha kingine. Godoro lilibaki na tundu pale mabega yanapolala, na alikuwa anaamka asubuhi na alama za chaga mgongoni. Niliambiwa pia kwamba aliwahi kumwomba yule fundi wajaribu kwenye lami, waelekee Somanga kidogo tu kisha wageuze. Mwanamke alimtazama akasema, "Mimi siendi Somanga. Naenda Njinjo."

Nataka msomaji aelewe kwamba wakati huo wote Nangurukuru nzima ilikuwa inajua. Wauza karanga walikuwa wanamuuliza, "Vipi, imeisha?" nao walimaanisha taarabu. Mafundi wa pikipiki walileta nadharia zao, msimamizi mmoja wa msikiti akamshauri, kwa upole, abadilishe aweke mawaidha, pengine yatakuwa na baraka ya kutoruka. Kila mtu alikuwa na dawa, na kila dawa ilikuwa ya kuifunga redio, kuitandikia, kuichomeka au kuilaza. Mwenyewe alishikilia sharti lake moja, kwamba abiria asiiguse. Abiria ni mteja, alisema, mteja hapewi kazi, na siku nyingine nilipojitolea kuishika ili tu nipate amani, aliona nimemdhalilisha.

Jibu lilipatikana kwa ajali ndogo, na nimelisikia kutoka kwake na kutoka kwa mkewe, kila mmoja kwa namna yake, ila yote yanakubaliana. Ilikuwa siku ya nyuzi na vifungo. Safari hiyo redio ilikuwa imewekwa ndani ya kikapu kilichofungwa kwa mipira baina ya dereva na abiria, juu ya vipande vyote vya godoro vilivyobaki. Taarabu ikaanza. Kwenye bonde la kwanza mipira miwili ikakatika kwa pamoja, na kikapu kikaanza kwenda pembeni. Dereva hakujua, kwa kuwa yeye alikuwa anatazama mbele na kusikiliza. Alichosikia kilimtisha. Wimbo ulikuwa unaendelea. Mwimbaji alimtaja mbaya wake, akamtaja mama wa mbaya wake, fidla ikajibu, wakapanda kilima, wakashuka, wakapita vile vijituta vya mahali tulipopaita kwa Mkunaji, na wimbo unakwenda tu. Alinieleza kwamba alitamani kugeuka lakini aliogopa shingo yake isije ikauharibu. Hakupumua vizuri. Wimbo ukafika mwisho, watu wa kwenye sidii wakapiga makofi, naye akasimamisha pikipiki, akageuka, machozi yakiwa yameshaanza. Akamkuta fundi cherehani ameshika redio kwa mikono miwili mbele ya kifua, viwiko vikiwa hewani, kikapu kimeshaanguka huko nyuma kitambo.

"Kumbe umeishika wewe," akasema, na furaha yote ikamtoka, kwa maana kwa hesabu zake sharti la redio kutoguswa lilikuwa limevunjika.

Mwanamke akamjibu, "Na ningekuwa sitaki, ningeishika?"

Walioana kabla ufuta haujaisha kuuzwa. Shangazi yangu alihudhuria, na analeta lawama mpaka leo kwamba pilau haikutosha.

Msimu uliofuata niliposhuka Nangurukuru nilikuta sheria imegeuka. Niliambiwa panda, na kabla sijakaa vizuri nikakabidhiwa redio. "Shika kaka, ila usiibane. Viwiko mbali na mbavu. Pikipiki ikiruka, acha mikono ilegee, usishindane nayo." Nikamkumbusha kwamba mteja hapewi kazi. Akasema hiyo haikuwa kazi. Alikuwa amegundua, kwa mkono wa mkewe, kwamba mwili wa mtu una mipira na magodoro yake, na kwamba hakuna kitu ambacho fundi angetengeneza kingejua kulegea kwa wakati kama mkono wa mtu anayesikiliza wimbo na hataki ukatike. Halafu akanitazama kwa heshima kubwa, akanipiga kidogo tumboni kwa mgongo wa mkono. "Na wewe hapa Mungu amekujalia," akasema. Nimetukanwa na wahariri na wapangaji, lakini sikumbuki tusi lililonipendeza namna ile. Kumbe abiria wenye matumbo walikuwa hawapangi foleni kwake, wanaitwa wapite mbele. Kulikuwa na mwalimu mmoja mwembamba sana, mtu mwema, ambaye wimbo ulikuwa ukimruka mikononi mpaka akawa anapewa kubeba majani ya chai badala yake, na inasemekana alianza kula viporo makusudi ili apandishwe cheo.

Ikawa ndiyo desturi ya njia ile. Mtu akipanda pikipiki yake, awe anakwenda hospitali, msibani au kukagua shamba, alishika redio. Niliwahi kushuhudia watu wawili waliogombana kwa mpaka wa shamba, wamebebwa pamoja mishikaki kama ilivyokuwa kawaida yetu mbaya, wa kati ameshika redio na wa nyuma amemshika wa kati viwiko visishuke. Hawakupatana, sitaki kudanganya. Lakini waliposhuka walikuwa wanabishana kuhusu mwimbaji.

Kisha zikaja flashi. Wengi wenu mnaosoma hapa hamjui kwamba muziki uliwahi kuruka, kwa sababu hicho kidude kidogo kinachochomekwa kwenye redio hakina kinachozunguka ndani yake, na unaweza kukitupa chini ya gurudumu kikaendelea kuimba. Pikipiki zote za Nangurukuru zikavaa redio za flashi, na baadaye maspika ya kutisha ya rangi rangi, kila moja na wimbo wake, zikipishana huwezi kujua nani anaimba nini. Mkewe alimnunulia moja. Aliitumia siku chache, akaihamishia jikoni, akarudia sidii yake ya kushikwa. Nilimuuliza kwa nini anajitesa. Alifikiri kidogo akasema, "Hii ya flashi nzuri, kaka. Tatizo haina kazi ya kumpa abiria. Anakaa tu huko nyuma, sijui hata kama yupo." Niliona ni ukaidi wa mtu aliyechelewa, na niliandika humu makala moja ya kumtania, ambayo shangazi yangu alimsomea, naye akaomba asomewe mara ya pili.

Sasa nifike mahali pasiponipendeza. Misimu miwili iliyopita nilikuwa naumwa mgongo, au niseme nilikuwa na sababu ya mgongo. Nilikodi gari dogo kutoka Lindi mpaka mlangoni kwa shangazi, vioo vimefungwa, nimechomeka spika za masikioni nisikilize vya kwangu na nisimsikilize dereva. Katikati ya barabara tukampita. Alikuwa peke yake, hana abiria, redio imefungwa kifuani mwake kwa kitambaa. Alilijua begi langu lililokuwa kwenye kioo cha nyuma, kwa maana alinyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama tulivyozoea. Nami nilinyanyua kidole ndani ya kioo, na vumbi letu likamfunika. Nilisema moyoni nitampigia, na sikumpigia. Inaniuma. Nimejaribu kuipunguza kwa kuiandika, haipungui.

Siku ile ya msiba niliwahi Nangurukuru kabla ya adhuhuri. Marehemu alikuwa ameusia azikwe Njinjo walikozikwa wazazi wake, kwa hiyo baada ya kumswalia ilibidi apelekwe kwa gari la wazi la kubebea mizigo. Vijana wakaliingiza jeneza nyuma, na gari liliposogea hatua chache tu kugeuza, jeneza likacheza kwenye bati na kutoa sauti iliyomshtua kila mtu pale. Barabara siku hizi imerekebishwa sehemu sehemu, lakini sehemu ni nyingi. Ukaanza ubishi. Mmoja anataka kamba, mwingine anataka mchanga uwekwe chini, mwingine akapiga kelele liletwe godoro, na madereva pikipiki wa kijiwe kizima, watu wa maspika ya rangi rangi, wakaanza kutazama ni nani atoe la kwake.

Mjane wake alikuwa ndani, na hakutoka. Sauti ilitoka nyuma ya pazia la mlango, ya fundi cherehani aliyezoea kuelekeza watu wasipindishe mshono. "Godoro la nini?" akasema. "Mmesahau? Mshikeni. Wote mnajua kushika."

Wakapanda mmoja mmoja, wakakaa kwenye bati la gari pande zote mbili, wakalinyanyua jeneza kutoka chini na kulipakata mikononi. Yule mwalimu mwembamba alikuwepo, mvi zimemjaa, na safari hiyo hakuna aliyempa majani ya chai. Mimi nilisimama chini na mgongo wangu, nikiona aibu kupanda na aibu kubaki. Ile sauti ikatoka tena nyuma ya pazia. "Na yule wa Lindi mwenye tumbo, akae katikati." Nikasikia kicheko kimoja kikianza mahali na kuzimwa haraka, na nadhani kilikuwa changu. Nikapanda. Gari lilipoanza kuondoka akatuambia neno la mwisho, na hapo sauti yake haikuwa ya fundi tena: "Msimbane."

Hatukumbana. Tulikwenda mpaka Njinjo viwiko vikiwa mbali na mbavu, mikono imelegea, na mtu alipochoka alisema kwa sauti ndogo na aliye jirani yake akaongeza nguvu. Tulipita kwenye bonde kilikoangukia kikapu. Tulipita kwa Mkunaji, na pale kila mtu akashusha pumzi pamoja bila kuambiwa. Mikono yangu ilikufa ganzi kabla hatujafika nusu ya njia, na mgongo niliokuwa nausingizia ukaanza kuniuma kweli. Yeye hakutikisika. Tulimfikisha alivyoondoka, tukamzika kabla jua halijazama, na shangazi yangu akatupa maji ya kunywa.

Safu hii imekuwa ikitoa mafundisho kwa miaka mingi kwa watu ambao hawakuyaomba, na mengi mwandishi wake hakuyafuata. Hili nitajaribu. Mtu akikuomba umshikie kitu chake njiani, usimwonyeshe mahali pa kukifunga, wala usimwambie siku hizi kuna kifaa. Kipokee ukishike. Ulegeze mikono tu, na viwiko viwe mbali na mbavu.